Mwaka Tuliotengeneza Sinema ya Karatasi

Mwaka jana mjukuu wa Anjela alinipigia simu kutoka Iringa akaniambia shule yao ina mashindano ya katuni, zile zinazotembea kwenye skrini, wanafunzi wenyewe ndio wanaozitengeneza, na kwamba bibi yake amesema Tusekile asipokuja na yeye haendi. Sikuwa nimeonana na Anjela tangu tulipomzika mumewe, na magoti yangu hayapendi tena kukaa kwenye basi kutwa nzima, lakini nilikwenda. Tuliketishwa mbele kabisa, kila mmoja na chupa yake ya maji, tukashikana mikono kama wasichana. Nyuma yetu wanafunzi wawili walikuwa wakibishana kwa sauti ya chini. Mmoja alitaka kazi yao ianze na kipande cha kuchekesha, mwenzake akasema majaji watawaona hawana akili. Mwishowe mmoja akainama katikati yetu akauliza, "Bibi, shikamooni. Eti nyie mnaonaje, majaji wanapenda kuchekeshwa au wanapenda kitu siriasi?" Anjela akanitazama. Akasema, "Muulize huyu. Mimi swali hilo lilinikosanisha naye wiki kadhaa." Taa zikazimwa kabla sijajibu, na katuni za watoto zikaanza kupita, nzuri kwelikweli, zenye rangi na muziki. Mimi nilikuwa naitazama skrini hiyo hiyo lakini macho yangu yako Mbeya, kwenye stoo ya viazi.

Tulikuwa darasa la mwisho la shule ya kati, shule ya bweni ya masista, juu kwenye vilima vinavyoutazama mji wa Mbeya. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla hatujajua kuwa uhuru uko karibu kiasi kile. Asubuhi ukungu uliingia bwenini kupitia madirishani kama mtu wa nyumbani, na uji ulikuwa wa moto mno kwa midomo lakini mikono iliushukuru. Ni hapo kwenye uji Sista Beata alipotutangazia. Alikuwa mfupi, mwekundu wa mashavu, mwenye Kiswahili cha kitabuni ambacho hakikukosea hata ngeli moja, tofauti na chetu sisi tulioleta kila mtu lugha ya kwao. Alisema shule za kati za jimbo zima zimealikwa kutengeneza sinema ya picha, ndogo sana, na zitaonyeshwa Iringa mbele ya watu. Itakayoshinda itachukuliwa na gari la sinema izungushwe vijijini. Yeye alikuwa na kamera aliyopewa na kaka yake, ya kuzungusha ufunguo ubavuni kama saa. Ilikuwa na kitufe cha kupiga picha moja moja. Ukikata mtu wa karatasi, ukamlaza mezani, ukampiga picha, ukamsogeza mguu kidogo, ukampiga tena, na tena, basi filamu ikija kuonyeshwa yule mtu anatembea. Kisha msichana mmoja akauliza kama hiyo haina dhambi, na Sista akacheka mpaka akaweka kikombe chini.

Filamu iliyokuwepo ilitosha hadithi moja tu. Waliochaguliwa kuiongoza kazi tulikuwa wawili, mimi kwa sababu nilijua kuchora, na Anjela kwa sababu alijua kuandika. Anjela alikuwa Mhehe wa Kalenga, mrefu, mwenye shingo ya kunyooka na gauni la sare lililomzidi, pindo lake limekunjwa ndani mara mbili. Vitanda vyetu viliangaliana. Nilikuwa nimeshaliona gari la sinema mara moja, uwanjani mjini, na nilikumbuka jambo moja tu katika yote yaliyoonyeshwa: jamaa mnene aliyeteleza matopeni, na uwanja mzima ukaanguka pamoja naye kwa kicheko, wazee kwa watoto. Kwa hiyo mimi nilikuwa na hadithi yangu tayari. Mbuzi wa masista anakula kofia ya bwana shamba, bwana shamba anamkimbiza mpaka sokoni, mbuzi anaanza kuuzwa kwa bei ya kofia. Niliisimulia bwenini na watu walishika mbavu. Anjela peke yake hakucheka. Alisubiri wamalize, akasema, "Yangu inamhusu msichana anayetolewa shule akaolewe. Analia, hasikilizwi, mwisho anakufa." Wote tulijua anamsema nani. Dada yake Paskalina alikuwa ametutangulia darasa moja, hodari wa hesabu kuliko wasichana wote, na mwaka uliotangulia baba yao alikuja kumchukua katikati ya muhula. Aliolewa Igawa, kando ya barabara ya Iringa, na mwanamume aliyekuwa na mashamba ya mpunga na hoteli ya chai.

Mwalimu Asajile, aliyetufundisha Kiswahili na kusimamia maandishi, aliunga mkono upande wa Anjela bila kupepesa macho. Alikuwa mwanamume wa tai kila siku, hata siku za kulima. "Majaji ni watu wazima," alituambia. "Mtu mzima hatoi zawadi kwa sababu mbuzi kala kofia. Shule nyingine watakuja na mmomonyoko wa udongo, watakuja na vyoo, na sisi tuje na mbuzi?" Nikamwambia kwamba watu waliochoka na shamba hawatasimama kutwa kutazama vyoo. Akanijibu, "Tusekile, kuchekesha watu ni rahisi. Hata mlevi anaweza." Neno hilo lilinichoma, na nafikiri ndilo lililonifanya niwe mkaidi. Wiki kadhaa mimi na Anjela hatukusemezana ila kwa mambo ya kazi, nipe mkasi, shika karatasi. Nilimkata mbuzi wangu kisirisiri, yeye akamkata msichana wake, na Sista Beata akatuachia tugombane. Alisema kamera haina haraka.

Leo nikiwatazama wale watoto na kompyuta zao naona hawajui baridi ya stoo ile. Ilikuwa nyuma ya jiko, yenye dirisha moja na harufu ya udongo na viazi mviringo vinavyoanza kuota. Tuliweka meza katikati, kamera ikafungwa juu kwenye mbao ikitazama chini, na karabai mbili zikawashwa huku na huku hata mchana. Watu wetu tuliwakata kwenye maboksi ya sabuni, tukawaunga mabega na magoti kwa uzi. Mtu alikuwa na harufu ya sabuni mpaka mwisho wa maisha yake. Wapishi walikuwa wakipita mlangoni kuchukua viazi, na kila aliyeingia ilibidi asimame, asipumue kwa nguvu, maana pumzi ya mtu mmoja iliweza kumpeperusha ng'ombe wa karatasi. Nilipenda mahali pale kuliko darasani, na nilimchukia Anjela kwa kupafanya pazito.

Siku moja ya Jumamosi lori lilileta mchele wa masista kutoka Igawa, na juu ya magunia alikuwa ameketi Paskalina, mtoto mgongoni, kitenge kimevutwa hadi masikioni kwa sababu ya baridi yetu. Alishuka akicheka, akamwamkia Sista, akauliza wadogo zake wamefichwa wapi. Anjela alimleta stoo. Paska akaketi juu ya gunia la viazi, akamgeuza mtoto amnyonyeshe, akasema tumwonyeshe hiyo sinema ambayo hata Igawa imefika habari yake. Anjela hakutaka, lakini dada mkubwa ni dada mkubwa. Akamlaza mezani msichana wa karatasi, akaanza kusimulia polepole, huku akimsogeza kwa ncha ya kidole. Anachukuliwa shuleni. Analia njiani. Analia nyumbani kwa mume. Anakonda. Anakufa, na kaburi lake lina msalaba wa mti.

Paska aliitazama ile karatasi. "Huyu ni mimi?"

"Ni msichana tu, dada."

"Mwenye kidoti hapa shavuni." Alijigusa shavu lake. "Basi nimekufa. Na huyu anayeninyonya sasa hivi kazaliwa na nani?"

Nilishindwa kujizuia nikacheka, na Anjela akanigeukia macho yakiwa yamejaa. Paska akamvuta mkono akamkalisha karibu naye kwenye gunia. "Mdogo wangu, nani alikuambia mimi ni wa kuzikwa? Nilitolewa shule, kweli, na hesabu zangu zinaniuma mpaka leo nikiwa napika maandazi. Lakini watu wakinitazama kwa huruma najisikia kama nimeshaoza. Siku ile yenyewe ya mahari wewe ulikuwa huku, hukuona. Hukuona ng'ombe."

Akatusimulia. Wazee walikuwa wameketi uani Kalenga kwa heshima zote, wanazungumza kwa mafumbo, na ng'ombe wa mahari wamefungwa pembeni. Mmoja akakata kamba. Akaingia jikoni, akala ugali wa wageni kwenye sinia, akatoka na kapu la mboga limenasa kwenye pembe moja, akapita katikati ya wazee. Baba yao, mtu mkali ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu alipokuja shuleni, aliruka kumkimbiza na kiatu kimoja mguuni. Bwana harusi naye akaruka kusaidia akaanguka kwenye tope la kisimani akiwa na suti. "Mimi nimefichwa chumbani na shangazi," Paska alisema, "natazama kwenye ufa wa dirisha. Nilicheka. Shangazi akanifinya, akasema bibi harusi hacheki. Nikazidi kucheka, nikashindwa kuacha, mwisho nikaona nalia. Jioni mama akaniambia niivue sare niikunje vizuri, itamfaa mdogo wangu." Akashika pindo la gauni la Anjela, akaligeuza, akaonyesha mshono wa ndani. "Hii hapa. Huu uzi mweusi niliutia mimi."

Mtoto alikuwa anameza kwa kelele. Kisha Paska akanielekezea kidevu. "Wewe unayechora. Unaweza kumchora ng'ombe mwenye kapu kwenye pembe?"

Mbuzi wangu hakuwahi kupigwa picha. Tulifanya kazi ile miezi ya baridi yote, mimi na Anjela vichwa vimegusana juu ya meza, na nilijifunza kitu ambacho sikujua kinafundishika: kwamba ukitaka mtu wa karatasi achekeshe lazima umsogeze kwa uangalifu kuliko anayelia. Anayelia unaweza kumwacha amekaa. Ng'ombe mwenye kapu lazima asite kidogo mlangoni, atazame huku, atazame kule, ndipo atoke, la sivyo ni karatasi tu. Anjela ndiye aliyegundua kule kusita. Yule yule asiyecheka. Na mimi ndiye niliyeng'ang'ania kwamba kile kipande cha sare kisiwe na machozi hata tone. Msichana avue, akunje, ampe mdogo wake, basi. Mwalimu Asajile alikuja kutazama, akashusha pumzi, na ng'ombe akaruka kutoka mezani. Mwalimu akamwokota mwenyewe, amepiga magoti na tai yake kwenye vumbi la viazi. "Sielewi hiki ni kichekesho au msiba," alisema. Sista Beata akamwambia kwamba hata yeye hajui, na kwamba ndiyo maana anaipenda.

Filamu ilipelekwa mbali kusafishwa na ikarudi salama. Tulikwenda Iringa kwa lori la misheni, juu ya magunia ya pareto, tumefunikwa turubai. Chimala tulishuka kunyoosha miguu tukala ndizi za kuchoma, na Igawa tukanywa chai kwenye hoteli ya Paska. Ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi marefu na madereva wanaomwita "mama" ingawa alikuwa binti mdogo kuliko wote. Mumewe, Simoni, ndiye aliyetuletea maandazi. Nilimtazama kwa wizi. Nilikuwa nimemkata kwenye boksi la sabuni na kumwangusha matopeni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na kumbe alikuwa mtu mpole, mwenye aibu, anayefuta benchi kabla hujakaa. Paska alikuwa ameshamwambia anakwenda Iringa kuona sinema ya mdogo wake. Simoni akasema basi na yeye anakwenda, akafunga hoteli.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na maofisa, mapadri na wachungaji, walimu, wanafunzi wa kila shule, na nyuma wenyeji wengi waliosikia tu kwamba kuna sinema ya bure. Sinema zile hazikuwa na sauti, kila shule ilikuwa na msomaji wake, na msomaji wetu nilikuwa mimi. Nikiwa nasubiri karibu na mashine, Anjela alinishika mkono. "Baba yumo," alisema. "Ameketi na wazee wa Kalenga, safu ya tatu. Sikumwambia ni hadithi gani." Nikamwona, koti jeusi, fimbo katikati ya magoti. Ndipo Anjela akaniambia kile ambacho hakuwa ameniambia muhula mzima, vitanda vyetu vikitazamana: kwamba likizo iliyopita wazee fulani walikuja nyumbani kumuulizia yeye, na baba aliwapokea vizuri. Nikataka kumuuliza kwa nini hakusema, lakini shule ya wavulana iliyotutangulia ilikuwa imemaliza mmomonyoko wake, watu wanapiga makofi ya adabu, na Sista alikuwa ananipungia.

Nilianza kusoma. Msichana wa karatasi alitembea. Nilikuwa nimemwona akisogea kwa kidole changu miezi na miezi, lakini sikuwa nimemwona akitembea, na kidogo nisahau kusoma. Ng'ombe alikata kamba. Alipofika mlangoni akasita, akatazama huku na kule akiwa na kapu kwenye pembe, ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Watu walipiga mapaja. Baba wa karatasi alipotokea akikimbia na kiatu kimoja, nikaona safu ya tatu wazee wa Kalenga wanageuka kumtazama baba wa kweli, mmoja anampiga bega, na yeye bega lake linaanza kutikisika. Alikuwa anacheka. Mzee yule alikuwa anacheka na kufuta macho kwa kiganja. Kicheko kilikuwa hakijaisha mahali pote pale msichana alipoingia chumbani, akavua sare, akaikunja na kumpa mdogo wake. Kiliishia njiani. Sijawahi tena maishani kusikia ukumbi uliojaa watu ukinyamaza namna ile, kama watu waliofumaniwa. Nilikuwa na sentensi ya mwisho ya kusoma, Anjela ndiye aliyeiandika, lakini sikuisoma. Niliona haina kazi.

Tuzo walipewa wale wa mmomonyoko. Jaji mmoja alieleza kwa upole kwamba sinema ya wasichana wa Mbeya imetengenezwa kwa ustadi ila haikuamua inataka watu wafanye nini, wacheke au wahuzunike. Mwalimu Asajile, ambaye mwaka mzima alikuwa ametuambia hayo hayo, alisimama tai yake ikiwa imepinda akamuuliza jaji, kwa heshima kubwa, kama kwao hayo mawili huwa yanakuja siku tofauti. Baba yake Anjela hatukumwona. Alikuwa ametoka taa zilipowashwa.

Tulilala Kalenga kwao, maana lori la kurudi lilikuwa la kesho yake mchana. Asubuhi baba alikuwa uani kabla yetu, ameketi kwenye kigoda, chai imepoa mbele yake. Tulimwamkia tumepiga magoti, Anjela na Paska na mimi, tukangoja. Aliitikia, kisha akauliza, "Nani aliwaambia habari ya kiatu?"

"Mimi, baba," Paska akasema.

"Kilichobaki mguuni kilikuwa cha kushoto. Nyie mmenivika cha kulia." Akanywa chai yake ile ya baridi, akasema tukamsaidie mama jikoni.

Tulikuwa bado jikoni, tunachambua maharage, waliposikika wageni. Niliona kwa uso wa Anjela ni akina nani. Ukuta wa jiko ulikuwa wa matete yaliyokandikwa udongo nusu tu, kila neno liliingia. Salamu za Kihehe, kamwene, zikapita, kamwene zikajibiwa, wakaulizana mvua, wakaulizana mahindi, kisha mmoja akasema wamekuja kuendeleza lile jambo la siku ile. Mama aliacha kukoroga uji wetu. Baba akawashukuru. Akasema nyumba yake imeheshimiwa sana, lakini binti anasoma.

"Tunajua anasoma," yule mgeni akasema. "Na hata yule mkubwa alikuwa anasoma."

"Ndiyo," baba akasema. "Huyu nataka amalize."

"Amalize lini, mzee mwenzetu?"

"Hilo muulizeni mwenyewe. Mimi sijui vitabu vyao vina kurasa ngapi."

Anjela alikuwa ameshika punje za maharage ngumi nzima, hazijui ziangukie wapi. Nilitaka kumkumbatia, nikamtazama kwanza Paska, aliyekuwa ameketi kati yetu na mtoto mapajani, ungo mbele yake. Alikuwa amesikia kila kitu kama sisi. Alipuliza makapi taratibu, akayafuata kwa macho yalivyokuwa yakielea kuelekea mlangoni.

"Wewe unasubiriwa mpaka umalize," akamwambia mdogo wake. "Mimi walinisubiri mpaka Jumamosi."

Mama ndiye aliyeanza kucheka, akijiziba mdomo kwa upande wa khanga wageni wasimsikie, kisha Paska, kisha mimi. Anjela hakucheka. Aliziachia zile punje kwenye ungo, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa dada yake, akamweka mgongoni mwake mwenyewe na kumfunga vizuri, akatoka naye uani kupita mbele ya wageni, shingo imenyooka, ili Paska apate kunywa uji wake akiwa na mikono miwili.